Kidonge Baada ya Kula

Siku ya kwanza ya semina nilipigiwa makofi kwa kuigiza mgonjwa maskini. Tulikuwa madaktari tunaosomea udaktari wa familia, tumekusanywa kwenye ukumbi mmoja pale Bariadi tujifunze usawa katika afya, yaani namna ya kumhudumia mtu wa hali ya chini bila kumwacha nyuma. Nilijifunga kanga kiunoni, nikakohoa, nikalia kidogo. Mwezeshaji, mama mmoja mpole kutoka Dar, alisema nina moyo wa kuwaelewa wanyonge. Nilikubaliana naye. Mchana tulikula pilau ya kuku, na kwenye jaribio la jioni nikaongoza.

Siku ya pili kila mmoja alitakiwa kumtembelea nyumbani mgonjwa wake aliyemshinda, akamsikilize. Sikupata shida kuchagua. Nilikuwa na bibi mmoja wa Ngulyati ambaye mwaka mzima sukari yake ilikataa kushuka. Kwenye faili lake nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: "Mkaidi. Hafuati maelekezo." Nilishamgombeza mara mbili, ya pili mbele ya foleni, ili na wengine wajifunze.

Nilikwenda na muuguzi wa kliniki yetu, mwenyeji wa huko huko, maana Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Tulimkuta bibi uani akichambua pamba.

"Mwadila, mayu," nilisema, nikijivunia matamshi.

Aliitikia, akainuka haraka, akafuta vumbi kwenye kiti pekee chenye egemeo, akanipa. Niliona anaogopa. Nikamwomba muuguzi amwambie sikuja kugomba, nimekuja kusikiliza. Bibi aliipokea habari hiyo kwa mashaka, akaingia ndani, akatoka na kopo la dawa. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vingi mno.

"Muulize kwa nini hanywi," nilisema, kwa ile sauti ya semina.

Walizungumza kitambo. Kisha muuguzi akanigeukia taratibu.

"Anakunywa, daktari. Anasema ulimwambia kidonge kimoja kila baada ya kula. Yeye anakula mara moja, jioni. Kwa hiyo anakunywa kimoja."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi anakwenda shamba. Chakula cha asubuhi ni cha wajukuu. Siku moja alijaribu kunywa bila kula, tumbo likamsokota, akajua ni kwa sababu amevunja amri yako."

Katika wagonjwa wangu wote, huenda hakuna aliyenitii kama huyo mkaidi.

"Si angeniambia," nilisema hatimaye.

Muuguzi hakulitafsiri hilo. Alinijibu mwenyewe: "Ulikuwa unagomba, daktari."

Bibi akaleta sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amevichemsha, na karanga pembeni. Nilijua kabisa ni chakula cha nani na cha saa ngapi. Nikasema tumeshiba, na kweli nilikuwa nimeshiba. Muuguzi akanikanyaga mguu. Kukataa kungemuumiza zaidi. Basi nikala. Saa nane mchana, katikati ya mafunzo ya usawa, nilikuwa natafuna mlo wa jioni wa mgonjwa wangu, naye ananitazama kwa furaha na kuniongezea.

Siku ya tatu tulitoa taarifa. Nilisimulia vizuri, ila kila nilipofika kwenye kosa nilisema "daktari mmoja". Ukumbi ulimcheka sana daktari huyo. Mwezeshaji akauliza kama amechukuliwa hatua. Nikajibu kwamba analifanyia kazi. Muuguzi wangu, aliyekuja kusikiliza na kuketi safu ya nyuma, alitazama dirishani.

Tulimwandikia bibi dawa nyingine, ya kunywa mara moja kwa siku pamoja na mlo wake. Wiki za mwanzo haikupatikana. Ilipopatikana sukari ilishuka, si sana, lakini ilishuka.

Alipokuja kliniki nilimkaribisha chumbani, nikafunga mlango, nikamwomba radhi kwa sentensi ndefu ya Kisukuma niliyoikariri siku tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Kisha akamgeukia muuguzi, akauliza jambo kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza hicho ulichosema ni lugha gani."

Nikamwomba muuguzi anisemee.