Mtungi Ukijaa ni Sare

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli ya mfereji, Kavetsa aligonga paipu mara mbili kwa kucha ya kidole gumba, halafu akaweka sikio juu yake, kama mtu anayetaka kujua kama jirani ameamka. Sisi wenye mitungi tulinyamaza, hata watoto. Akisikia alichotaka kusikia alisema, "Yako njiani." Na kweli baada ya muda yalikuja, kwanza pumzi, halafu kikohozi, halafu maji.

Sijui alisikia nini. Mimi nilijaribu siku moja bila mtu kuniona, nikasikia tu baridi ya chuma kwenye sikio.

Ploti yetu iko Kianda, milango kumi na nne inaangaliana, mfereji mmoja katikati. Mwenye ploti anakaa Kawangware na hapendi kelele, kwa hivyo alisema ufunguo ushikwe na mtu mmoja, mengine mtaelewana. Watu wakaelewana kwa karata. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kanisa, mtu anayetaka ufunguo anakaa chini na mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo anaweka mtungi wake wa lita ishirini chini ya mfereji, na maji yanafunguliwa kidogo, kama uzi. Anayemaliza karata zake kabla mtungi haujajaa ndiye anachukua ufunguo, na aliyeshindwa anapanga laini mwisho mwezi mzima, ndio watu wasije kucheza kwa kujaribu tu. Mtungi ukijaa na hakuna aliyemaliza, ni sare. Sare haisongeshi mtu. Ufunguo unakaa ulipo.

Kavetsa alikaa na ufunguo miaka mitatu na hakuwahi kushinda mchezo hata mmoja. Hakuwahi kushindwa pia.

Aliachiwa na Tabby, aliyekuwa mlango wa tano, wakati Tabby alihamia Kawangware, pale kituo cha 56, kufungua saluni. Kavetsa alimfanyia kazi huko, kuosha taulo na vichwa vya watu, na alitembea kwenda na kurudi. Mara nyingi Tabby alimwambia ahamie huko, kuna kachumba nyuma ya saluni. Kavetsa alikuwa akijibu, "Na mfereji?" Hakuwa na bwana wala mtoto. Jina lake kwa ploti lilikuwa Mama Mfereji, na akiitwa hivyo alikuwa anageuka polepole, kama anataka waite tena.

Mimi nilikuwa nakaa nyuma yake kila mchezo, juu ya mtungi wetu, kwa sababu ndipo kivuli kilikuwa. Kwa hivyo karata zake nilikuwa naziona zote, na hakuna mtu mwingine aliyeziona.

Karata zetu ni rahisi. Unaweka inayofanana na iliyo juu, kwa namba au kwa aina, kopa kwa kopa, maua kwa maua, na kama huna unaokota. Mbili na tatu zinamlisha mwenzako, anaokota mbili au tatu. Ukibaki na karata moja lazima useme, "Niko kadi," ili mwenzako ajue unataka kuisha. Na kuisha ni kwa karata ya kawaida, kama sita au tisa. Huwezi kuisha na mbili, wala tatu, wala jeki, wala kingi.

Sasa Kavetsa alikuwa anatupa zile za kawaida kwanza. Sita, saba, tisa, zote zinatoka mapema kama takataka. Mbili na tatu anaficha nyuma ya kidole. Mwenzake akisema niko kadi, anamlisha. Akisema tena, anamlisha tena. Na wakati wote haangalii karata, anasikiliza mtungi. Mtungi mtupu unaongea na sauti nene. Maji yakipanda sauti inakuwa nyembamba, inapanda, inapanda, mpaka mwisho inakuwa kama mtoto anaimba akiwa amefunga mdomo. Mchana wa Jumapili, mabati yakiwa moto na nguo zimesimama kwa kamba bila upepo, sauti hiyo ilikuwa inaingia kwa macho na kuyafunga. Nimeona watu wazima wamelala wameketi. Kavetsa peke yake alikuwa macho. Alijua bila kugeuka mtungi umefika wapi, na alikuwa anaweka karata ya mwisho ya kulisha wakati maji yanagusa shingo.

"Sare," alikuwa anasema, na anafunga mfereji.

Aliyecheza naye mara nyingi zaidi ni Nelima, Mama Bridgit wa mlango wa kumi na mbili. Nelima anauza uji pale steji ya Olympic, na vibarua wa mjengo wanapita alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Laini yetu inafuata namba ya mlango, mwenye ufunguo kwanza. Maji yakifika kwa Nelima watu wa mjengo wamepita zamani na tumbo tupu au wamekunywa kwa mtu mwingine. Aliwahi kumwomba Kavetsa.

"Si unipatie nijaze kwanza. Wewe saluni unaingia saa tatu."

"Nikikupatia wewe, mlango wa tisa ataniuliza."

"Basi nishinde, nijue moja."

"Tucheze tu, Mama Bridgit," Kavetsa akasema.

Wakacheza. Sare. Mwezi uliofuata, sare. Wakoli, fundi wa viti wa mlango wa pili, alikuwa anakaa kando akishona kiti na kutangaza mchezo kama redio.

"Na ni kona. Mama Mfereji ameondoa. Mpira umetoka nje."

"Wakoli, nyamaza," Nelima alisema siku moja. "Wewe uniambie, hii ni haki? Mtu anacheza asishindwe. Hachezi ashinde."

"Sheria inasema mtungi ukijaa ni sare. Kwani mpira hauna sare?"

"Mpira wote wawili wanatafuta goli. Huyu ameketi golini kwake miaka mitatu."

"Kipa naye ni mchezaji, Mama Bridgit. Halafu kipa halipwi kwa kufunga."

Watu walicheka. Kavetsa hakucheka. Alikuwa anafuta karata moja moja na leso yake, ufunguo umefungwa kwenye pembe ya hiyo leso, unacheza kidogo.

Mimi nilikuwa upande wa Nelima mpaka ile Jumapili ya mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imeisha sasa hivi, ploti ina harufu ya vumbi lililolowa. Mtungi ulikuwa bado nusu, sauti bado nene. Kavetsa alikuwa na karata mbili, sita ya kopa na sita ya maua, na karata ya juu pale chini ilikuwa kopa. Angeweka moja aseme niko kadi, na Nelima hakuwa na kitu cha kumlisha, hiyo ilionekana kwa uso wake. Kavetsa aliziangalia hizo sita mbili. Alizifungua, akazifunga. Halafu akanyoosha mkono akaokota, kama mtu ambaye hana.

Mchezo ukaisha sare. Watu walipoondoka Kavetsa aliniuliza bila kugeuka, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, auntie."

"Wewe unaona kila kitu." Akakaza fundo la leso. "Nikimshinda anakaa nyuma ya laini mwezi mzima na ana mtoto wa kunyonya. Nikishindwa, mimi ni nani hapa? Nilikaa hii ploti miaka miwili kabla ya ufunguo. Nilikuwa ile ya mlango wa nne. Hakuna aliyejua kama niko ndani au nimetoka. Sare hakuna mtu anaumia."

Nilitaka kumwambia kuna mtu anaumia. Uji wa Nelima ulikuwa unaumia kila asubuhi. Lakini mimi si mtu wa kusema, na labda nilikuwa napenda kumsikia. Nikabeba mtungi wetu.

Halafu ikaja Jumapili ya mwezi wa tisa.

Asubuhi aligonga paipu mara mbili kama kawaida, akaweka sikio, akakaa hapo muda mrefu kuliko siku zote. "Yako njiani," akasema, lakini alisema kama swali. Yalikuja. Mchana wakaketi, yeye na Nelima, mtungi wa Kavetsa ule wa samawati ukiwa chini ya mfereji, uzi wa maji unaingia. Nelima alikuwa amemfunga Bridgit mgongoni na mtoto alikuwa amelala. Ploti nzima ilikuwa kama imelala. Hata Wakoli hakutangaza.

Kavetsa alitupa za kawaida. Nelima akasema, "Niko kadi." Akalishwa mbili. Sauti ya mtungi ikapanda kidogo. Nelima akapunguza, akapunguza, akasema tena, "Niko kadi." Akalishwa tatu. Nilikuwa nafunga macho. Sauti ilikuwa imefika pale katikati, pale inakuwa tamu.

Halafu ikaacha.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Ilikuwa kama ukiwa ndotoni na mtu akuguse. Wakoli aliinua kichwa. Uzi wa maji ulikuwa tone, tone lingine, halafu mdomo wa mfereji tu, mkavu. Mtungi ulikuwa nusu na haukuwa unajaa.

"Maji yameenda," mtu akasema.

"Basi tuachie hapo," Kavetsa akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni sare."

"Mtungi umejaa?" Nelima akauliza.

Kavetsa akapanga karata zake upya. Nelima akageuka.

"Wakoli, wewe ndiwe mtu wa sheria. Mtungi umejaa?"

Wakoli aliangalia mtungi, akaangalia kiti anachoshona. "Haujajaa," akasema. "Nisamehe, Mama Mfereji. Haujajaa."

Wakaendelea bila sauti ya maji. Karata zikigusa chini zilisikika kila moja. Nilitazama mkono wa Kavetsa. Alikuwa na jeki ya kopa, kingi ya kopa na mbili ya kopa. Hakuna hata moja ya kuisha. Za kuisha alikuwa amezitupa zote, vile anazitupa siku zote, na hakuna mtungi wa kumwokoa. Nelima akaweka sita ya maua. "Niko kadi," akasema, kwa upole, kama anamwambia mtu ajiandae.

Ile mbili ya kopa haikuingia juu ya sita ya maua. Kavetsa aliokota. Ilikuwa nne ya uru, karata ya kawaida, nzuri ya kuishia, na haikuingia pia. Alitabasamu akiiangalia. Sijawahi kumwona akiangalia karata namna hiyo.

"Weka, Mama Bridgit," akasema.

Nelima akaweka tisa ya maua.

Hakuna aliyepiga makofi. Nelima alikaa tu, mkono kwa mguu wa mtoto. "Ungenishinda zamani," akasema. "Ningelia mwezi mmoja, halafu ningenunua pipa ama nihame. Umeniweka mlangoni miaka mitatu, dada, siingii, siondoki."

"Sikujua ni mlangoni," Kavetsa akasema. "Nilifikiri tumeketi tu."

Alifungua pembe ya leso. Fundo lilikuwa la zamani, ikabidi atumie meno. Akaweka ufunguo juu ya ile tisa, akasimama, akapangusa sketi.

"Kesho unagonga kwanza," akamwambia Nelima. "Usifungue kabla ya kugonga."

Aliingia mlango wa nne, akatoka na kile kibegi anachoenda nacho kazini. Ilikuwa Jumapili, saluni imefungwa.

"Auntie, unaenda wapi?" nikauliza.

"Fifty-Six, kwa Tabby. Niangalie kama kwao yako."

"Na mtungi wako?"

"Wachana nao. Yakirudi utajaa."

Akainama chini ya kamba za nguo, akatoka kwa geti. Nilimfuata mpaka hapo, halafu kwa macho. Hakuwa na haraka. Pale kona ya kinyozi, ambapo paipu zinapita juu ya mtaro kama mizizi, alisimama, akagonga moja mara mbili kwa kucha ya kidole gumba, akaweka sikio. Alikaa hapo. Sijui alisikia nini. Halafu akanyooka akaendelea, na hiyo ndiyo mara ya mwisho ploti yetu ilimwona.