Kiwanja cha Chini ya Mikaratusi

Nilipaswa kukataa siku ile familia ilipotaka tumpe dada yangu kipande cha chini ya mikaratusi. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba, na kwetu Wanande mkubwa ndiye anayegawa ardhi ya marehemu baba. Neno langu moja lingetosha.

Dada, mjane, alikuwa amekimbia vita upande wa Mangina. Alifika na binti yake wa pekee na magodoro mawili. Tulikutana nyumbani kwangu, Bulengera, na baba yetu mdogo ndiye aliyeanza.

"Mwanamuke hapewake kilima. Mumupatie pale chini, lakini asikuje kuuliza fasi ingine tena."

"Pale baba alikatazaka kujenga," dada alisema. "Ama munatafuta mwenye kulinda udongo?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini alisema kweli. Baba alipokuwa kijana, kilima kilicho juu ya kipande kile kilibomoka wakati wa mvua, kikafunika kibanda cha mbuzi na mbuzi wote ndani. Alituonyesha mara nyingi kinundu kilichobaki. "Hapa tunalimaka," alisema, "hatulalake." Nilimaliza sekondari, nikajifunza matetemeko ya nchi za mbali, lakini habari ya kinundu chetu niliiweka pamoja na hadithi za wazee. Tena tulikuwa na sehemu tambarare karibu na barabara. Niliwawekea watoto wangu wa kiume, walioko Kampala. Hawajawahi kuniomba.

"Ilikuwa zamani, mama," nilimwambia dada. "Sasa miti iko inashika udongo."

Akajenga nyumba ya miti na udongo, akaipaka chokaa. Miaka miwili baadaye nilikata mikaratusi yote nipate kuni za kuchoma matofali. Visiki niliviacha vioze.

Mvua za Novemba zilipokaza, alikuja kwangu na matope hadi magotini.

"Yaya, kaka yangu, kule juu ya nyumba udongo umepasuka. Mukono wangu unaingia mupaka kwa kiwiko. Utuache tukae kule kwa barabara, hata chini ya shitingi ya plastiki."

Pale barabarani nilikuwa nimepanda maharagwe.

"Ngoja tuvune kwanza. Ni majuma mawili tu."

"Kumbe maharagi inatushinda sisi?"

Hakusema kwa hasira. Alikunywa chai yake, akarudi nyumbani.

Kilima kilishuka Alhamisi ya juma lile lile, mchana, binti akiwa shuleni. Mimi nilikuwa sokoni. Nilipofika, jirani mmoja, fundi wa baiskeli, alikuwa anachimba kwa jembe. Alipoona bati la paa aliliacha jembe, akaendelea kwa mikono. Alimtoa dada jioni, amekwisha kufa.

Binti alikwenda kwa ndugu za baba yake, Kirumba. Aliolewa huko mwaka jana. Katika mahari ya kwetu kuna mbuzi wa mjomba, na bila mjomba kumpokea, watu huona ndoa haijakamilika. Nilingoja kuitwa. Baadaye nilisikia kwamba binti mwenyewe alisimama mbele ya wakwe, akasema mbuzi yule apelekewe fundi wa baiskeli.

Nilikuwa na dada mmoja na mpwa mmoja. Dada alikufa kwa sababu yangu, na mpwa hanihesabu tena kuwa mjomba wake.