Mkanda wa mabinti wawili wa Kijapani: jinsi nilivyokubali kuusimulia peke yangu

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo, marahaba kabisa, nawapa kabla hamjaniamkia maana najua hamtaniamkia.

Ninachoandika ni kweli tupu. Mtu anayedanganya hujipamba, na mimi humu ndani sijatoka mzuri hata kidogo.

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja. Jamaa mmoja mwenye mgahawa kule Kandara, Jeddah, alinipigia simu: "Mzee, njoo utusimulie ile historia ya mkanda. Ila njoo wewe tu."

Nikasema, "Nakuja."

Sikuuliza hata kwa nini "wewe tu". Nilijua kwa nini, na nililipenda.

Nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni dereva wa familia hapa Riyadh. Elimu yangu ni form four ya zamani. Kazi yangu ni kupeleka watoto shule na kusubiri, zaidi kusubiri. Sasa binti wa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini huku, anapenda kila kitu cha Kijapani, na tablet yake kuukuu alinipa ikiwa imejaa mieleka ya wanawake wa huko.

Nikaanza kuangalia kwa dharau, kama mzee mwenye heshima zake. Baada ya siku chache mlinzi wa shule alikuja kunigongea kioo kuuliza kama naumwa, kwa jinsi nilivyokuwa napiga kelele peke yangu garini.

Kilichoninasa ni mkanda wa ubingwa wa timu ya wawili.

Kwa asiyejua: wanapigana wawili kwa wawili. Mmoja yuko ulingoni, mwenzake anasubiri nje kwenye kona yao, ameshika kikamba kifupi kilichofungwa kwenye nguzo. Haruhusiwi kukiachia. Wa ndani akizidiwa anajikokota mpaka pale, anampiga mwenzake kofi la kiganja, wanapokezana.

Na bingwa ni wawili. Mmoja akivunjika goti asiweze kupigana, ubingwa haubaki kwa mzima. Wanaurudisha wote.

Mwenzangu mimi alikuwa Kombo. Mpemba, fundi wa kushona kanzu kule Al-Dirah, chumba chake kilikuwa Manfuha, hapahapa Riyadh. Nilipomwonyesha pambano la kwanza aliguna. La pili akasema, "Sogeza kichwa bwana, wan'zibia."

Basi ikawa kila Ijumaa, baada ya sala na wali, tunawasimulia wenzetu historia ya mkanda ule chumbani kwa Kombo. Yeye ndiye aliyefunga kipande cha kamba kwenye nondo za dirisha. Mmoja anasimulia, mwingine anasimama dirishani ameshika kamba, mdomo kafunga. Ukichoka au ukisahau unakwenda dirishani, paa! Kofi. Mwenzako anaingia.

Mikanda aliishona yeye pia, miwili, ngozi bandia na vifungo vya dhahabu vilivyobaki kwenye kanzu za watu. Ilitundikwa ukutani kwenye misumari miwili.

Chumbani walikaa madereva wachache. Wasikilizaji wengi walikuwa akina dada wa kazi za ndani, Wakenya na Watanzania, kwenye group call. Earphone sikio moja, sikio la pili la madam. Mwenye mdomo kuliko wote alikuwa Akinyi.

"Baba Kombo, harakisha bana! Madam anakuja na bado sijajua nani ameshinda!"

"We mwana," Kombo anamjibu, "ubingwa hauendi kwa saa ya madam wako."

Mimi nilisimulia vipigo, Kombo alisimulia huzuni. Enzi za mwanzo, mabinti wakipigana na kuimba humohumo ulingoni, watoto wa shule wanawarushia tepe za karatasi za rangi. Kisha ile desturi ya zamani kwamba binti akifika miaka ishirini na kitu anaambiwa sasa staafu, ukaolewe. Timu hazikuvunjwa na adui, zilivunjwa na umri. Kampuni zikafa na mikanda yake, zikazaliwa nyingine na mikanda mingine.

Kipande alichokipenda Kombo kilikuwa kile cha binti mzima anayeingia na mikanda yote miwili mikononi, nyuma yake mwenzake na magongo. Anaiweka mezani. Anainama.

"Huyu hana hata mkwaruzo," Kombo husema hapo, kila Ijumaa. "Lakini mwenziwe hawezi. Ataushika na nani?"

Na mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa uchungu, mtu mwenye hekima zangu.

Mwaka jana kafili wa Kombo akamkatia huruji, yaani kuondoka moja kwa moja, hakuna kurudi. Ndege Jumamosi. Kombo akapanga Ijumaa ya mwisho iwe siku ya kurudisha mikanda. Tuishushe ukutani sote wawili, tuinamie, timu imekwisha. Alishanunua mpaka nyama.

Ijumaa hiyohiyo ndiyo aliyoitaka jamaa wa Jeddah.

"Mwenzako anakohoa sana," akaniambia, maana alishatusikia kwenye group call, "na Kipemba chake huku hakishikiki. Wewe ni msomi."

Msomi! Wakuu, division three yangu ile haikuwahi kuambiwa maneno matamu kama hayo. Kabla jua halijazama nikatumiwa tangazo lenye uso wangu: PROFESA WA MIELEKA, NA MIKANDA YA MABINGWA.

Madam wangu, mke wa kafili, nikamwambia nakwenda umra. Mungu anisamehe, sikufika hata karibu.

Kwa Kombo nilipita kuchukua mikanda. "Ni Ijumaa moja tu," nikamwambia. "Jumamosi asubuhi nipo hapa, nakusindikiza."

Akaniangalia ninavyoishusha. "Yote miwili?"

"Tangazo limeandikwa mabingwa."

"Haya bwana."

Walioishi na watu wa visiwani wanajua kwamba "haya" ile haikuwa ruhusa. Na mimi nilijua.

Kandara nilipokewa kifalme. Juisi, maikrofoni, kiti cha kuzunguka. Simu ya mgahawa imeunganishwa na ile group call yetu, spika kubwa ukutani. Mkanda mmoja begani, mmoja mezani. Nikasimulia vizuri mpaka katikati, ndipo nikasahau timu gani ilifuata.

Miguu ikanipeleka dirishani yenyewe. Nimeshainua mkono nakuta mtu nisiyemjua anakula biriani. Ukumbi ukacheka.

Spika ikaongea. Akinyi.

"Mzee, mbona leo sijaskia kofi? Baba Kombo ako wapi?"

Watu wote wananitazama. Profesa akajibu, "Mwenzangu anaumwa kidogo."

Kwenye spika kikasikika kikohozi, kilekile ambacho Jeddah hawakukitaka.

"Mie mzima," Kombo akasema. "Nipo dirishani hapa. N'meshika kamba tangu ulipoanza."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi! Walidhani tumepanga. Mwenye mgahawa ananionyesha dole gumba, watu wanapiga meza.

Ningeweza kuushusha mkanda begani palepale. Ningeweza kusema samahani, sahibu, njoo uendelee wewe hukohuko, wote wanakusikia.

Nikasema, "Basi shikilia hivyo hivyo, mzee, zamu yako haijafika!"

Wakacheka zaidi. Nikacheka nao. Nilipotulia, Kombo alishakata simu.

Jumamosi nilifika Manfuha jua halijawa kali, nimebeba mikanda kwenye mfuko wa plastiki. Mlangoni alisimama Msudani aliyekuwa akiishi naye. Kafili alimpitia mapema, akaniambia. "Safar. Halas." Amesafiri, basi.

Kitanda kimekunjwa. Misumari miwili ukutani. Dirishani kamba ipo, fundo lake halijaguswa. Kwenye sufuria, nyama ya jana haijapunguzwa.

Nilimpigia alipofika kwao. Huyu ni mtu ambaye kila siku aliniita punda wa bara, na nikichelewa kupokea simu ananiuliza kama nimekufa, na tablet nimemwachia nani.

"Nashukuru sana ndugu yangu kwa kunikumbuka," akasema. "Wasalimie jamaa wote."

Nikaomba radhi, kwa kirefu, bila utani.

"Hakuna neno, ndugu yangu. Yamekwisha."

Nikamuuliza mkanda wake nimtumie kwa nani.

"Kaa nao tu. Mie sina timu."

Hakusema kwa hasira. Kwa hasira ningepata pa kushika.

Akina dada hawapigi tena Ijumaa. Akinyi alinitumia ujumbe mara moja tu: "Mzee, ulikosea." Ujumbe umekamilika.

Kwa hiyo, vijana, mkiitwa mahali na mkaambiwa "njoo wewe tu", ulizeni nani anaachwa, kisha jibuni. Mimi niliijua sheria ya mkanda ule, niliisimulia kila wiki, na ikaniingia sikio lile la madam.

Mwenye ushauri atoe. Mwenye kutusi atusi, ila acheni nafasi na wenzenu watusi. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa utani na rafiki aliyebaki na adabu tupu, aniambie alifanyaje, nipo nasoma.

Mimi gharama yangu ni hii. Mikanda yote miwili ninayo, chini ya kitanda. Kombo yuko hai, mzima, simu zangu anapokea na kunijibu kwa heshima. Rafiki niliyekuwa naye nchi hii alikuwa mmoja, na sinaye tena.