Utando wa Muhogo

Nilipokuwa nasomea shahada ya pili, utafiti wangu ulikuwa kutengeneza utando mwembamba wa wanga wa muhogo uliochanganywa na oksidi ya zinki, unga mweupe ulio laini kama poda ya mtoto. Utando huo ukiwekwa katikati ya vibamba viwili vya chuma, unatunza chaji ya umeme. Wangu haukutunza. Ule unga ulifanya mabonge, na kila penye bonge umeme ulivuja. Nilihangaika miezi mitatu, nikachoka, nikapanda basi kwenda nyumbani Ibadakuli nikiwa na kichupa cha unga kwenye mkoba.

Baba alikuwa ameshaacha kazi. Ujana wake wote aliumalizia Nyarugusu, kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi lilimwachia kifua kisichomfikisha kanisani bila kupumzika njiani mara mbili.

Asubuhi moja nilikuwa uani, nakoroga wanga kwenye kopo juu ya jiko la mkaa. Nilipomimina ule unga, wingu dogo likanipanda usoni. Baba aliinuka kitini kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona miaka mingi.

"Acha! Acha, ng'wanone!"

Alinivuta mkono, kisha kikohozi kikamkamata. Nilimsugua mgongo mpaka kikapita.

"Mwanangu, hilo ni vumbi," alisema alipopata pumzi. "Unalivuta hivyo kila siku?"

"Ni kidogo tu, baba. Chuoni huwa navaa barakoa."

"Huwa?"

Ukweli ni kwamba siku nyingine sikujali.

"Sisi hakuna aliyetuambia," alisema taratibu. "Waliokuja nyuma yetu ndio walioanza kumwagia mawe maji kabla ya kusaga. Lowesha kwanza. Unga ukishashiba maji haupandi puani."

Ili tu atulie, niliuweka unga kwenye bakuli, nikaukoroga na maji hadi ukawa kama maziwa, yeye akinisimamia. Ndipo nikaumimina kwenye wanga, kidogo kidogo. Haukufanya bonge hata moja. Nilibaki nimeduwaa na mwiko mkononi. Baba wala hakuangalia kopo; alikuwa ananiangalia mimi, kama napumua vizuri.

Chuoni nilirudia vilevile, barakoa usoni. Utando ulikauka laini, na tulipoupima ulitunza chaji kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nilitoka nje ya maabara nikampigia simu.

"Baba, utando umekubali! Ni yale maji yako."

"Na kifua?"

"Kizima, baba."

"Haya. Sasa nieleze huo utando."

Krismasi nilimpelekea kipande, kidogo kama stempu. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuzageuza.

"Kitawasha taa?"

"Bado, baba. Labda saa ndogo ya ukutani, tena siku za mbele."

Alikitazama muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kukaa nacho. Nikamwachia.