Skana ya Chini ya Chupa ya Chai

Ilikuwa mwaka elfu mbili kumi na tisa. Hapana, si kumi na tisa. Ilikuwa ishirini na moja, maana kumi na tisa Mbuke alikuwa bado na jino lake la mbele, na maneno aliyomwambia mumewe asubuhi ile ya safari yalipitia kwenye pengo.

"Baba Salome, yaani unapanda basi mpaka Geita kwa ajili ya bati la biskuti?"

Bujiku alilifunga bati kwa mpira wa baiskeli, akalitia kwenye begi. Ndani mlikuwa na slaidi arobaini na moja, vile vipande vya filamu ya rangi vinavyokaa kila kimoja kwenye fremu yake ya kadibodi. Aliachiwa na mzungu mmoja, mhandisi wa mgodini Mwadui, siku alipofungasha kurudi kwao. Wengine waliachiwa baiskeli. Bujiku aliachiwa bati.

Arobaini zilikuwa za mashimo na matingatinga, nani ana haja nazo? Moja ndiyo iliyokuwa na maana. Mwaka sabini na sita, baada ya mavuno, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, walishindana pale Maganzo. Kwa Wasukuma ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu huenda wanakovutwa. Mwenye kundi kubwa ndiye mshindi. Manju wa Wagika, yaani mwimbishaji wao, alikuwa Maduhu, kaka yake Bujiku. Manju wa Wagalu alikuwa Magesa, jirani wa Bujiku mpaka leo. Siku ile vumbi lilipanda, waamuzi wakagombana wao kwa wao, na jua likazama kila upande ukijiita mshindi. Maduhu alikufa bila kukubaliwa. Magesa hajakufa, wala hajanyamaza.

"Kaka yako aliwachezea mbuzi," ndiyo salamu yake Magesa kila asubuhi. "Watu wote walikuwa kwangu."

Sasa yule mhandisi alikuwa amepiga picha akiwa juu ya paa la Land Rover, makundi yote mawili yakaingia. Miaka arobaini na mitano Bujiku aliinua slaidi ile juani na kuona madoa mawili kama vichuguu. Lipi kubwa? Jicho lilishindwa. Na ukungu ulikuwa umeanza kuila pembeni, tena upande wa Maduhu. Misimu miwili ya mvua ingetosha kumzika Maduhu mara ya pili.

Binti yake Salome alikuwa mwalimu wa kompyuta Geita. Alimpokea stendi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mashine ipo?"

"Ndiyo tunaenda kuichagua. Ila si kila skana, mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta, itakubali. Kompyuta yangu inatumia Linux, baba. Ni mfumo ambao haununuliwi. Watu wa dunia nzima wanautengeneza pamoja na kuugawa."

"Kama watu wanaolimiana mashamba kwa zamu?"

"Hivyo hivyo."

"Basi ni wa watu wenye akili."

"Ila wenye viwanda vya skana wengi hawatuandikii programu. Kuna orodha ya zile zilizojaribiwa na watu wakaona zinakubali. Namba ya mashine lazima ilingane mpaka herufi ya mwisho."

Duka lilikuwa la Frank, kijana wa mkufu mnene, aliyekuwa dalali wa dhahabu kabla hajawa mtaalamu wa kompyuta. Utaalamu wenyewe aliupata siku alipopanga fremu ya duka. Mizani ya dhahabu ilikuwa bado juu ya kaunta.

"Shikamoo mzee wangu. Slaidi? Umefika nyumbani!" Akatoa kijisanduku chepesi chenye kioo chake. "Hii haina habari na kompyuta. Unatumbukiza, inapiga picha, inaweka kwenye kadi. Kwisha."

Salome akatumbukiza. Wacheza ngoma wakatoka kama uji uliomwagika, na pande mbili za picha hazikuwepo.

"Imekata watu," alisema Bujiku.

"Wa pembeni tu hao, mzee."

"Hao wa pembeni ndio ushindi wenyewe!"

Frank akashusha nyingine, nyeusi, akamlazia mzee mikononi kama anampa mtoto. "Sikia uzito huo. Kitu chenye mali hakiwi chepesi."

Wachimbaji wawili waliokuwa wakichaji simu wakasogea. Mmoja akaipima kiganjani, akafumba jicho. "Kilo tatu na ushee. Hiyo ndiyo mashine, mzee. Chukua, usiulize."

Hao ndio watu wa dhahabu. Mpe kitabu atakipima, mpe mchumba atampima. Bujiku alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye meza ya grisi Mwadui, na pale uzito ulikuwa kichekesho. Kokoto zinakuja na maji, zinapita juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe mazito yanapita. Mawe yanayong'aa kuliko kioo yanapita. Almasi haipendi maji, basi yenyewe inanasa kwenye grisi, hata iwe ndogo kama punje ya ulezi. Jiwe haliulizwi sifa zake. Linashika au linapita.

"Salome," alisema, "chomeka."

Salome akachomeka waya, akaandika mstari mmoja, akasubiri. Kompyuta ikajibu kwamba haioni skana yoyote.

"Imepita na maji," alisema Bujiku.

"Mzee, kwenye boksi imeandikwa inafaa kompyuta zote!"

"Na mimi nikiandika kwenye shati kwamba ni kijana, magoti yatasoma?"

Wachimbaji wakacheka, hata yule aliyepima. Frank akakunja uso. "Tatizo ni hiyo kompyuta yenu. Mfumo wa bure! Cha bure kina nini? Niachieni hapa, niwawekee Windows."

"Kwa hiyo ng'ombe akikataa jembe lako," alisema Salome, "tumchinje ng'ombe?"

Frank akaleta ya tatu, ikapita. Akaleta ya nne, ikawasha taa, ikanguruma kama inataka kusema neno, ikapita. Kila moja Frank aliisifu kwa maneno yale yale, kama mganga mwenye dawa moja ya kichwa, tumbo na mapenzi.

Salome alikuwa akitazama kando, penye chupa ya chai ya dukani. Chini ya chupa palikuwa na skana pana ya zamani, ya kulaza karatasi, imejaa duara za vikombe. Akainua chupa, akaipindua mashine, akasoma namba, akatafuta kwenye simu.

"Baba, hii imo kwenye orodha."

"Hiyo?" Frank alicheka mpaka mkufu ukatikisika. "Dada, hiyo meza yangu ya chai! Hata kifuniko chake kibovu, kina taa ndani sijui ya nini."

Taa ya kifunikoni ni ya kupitisha mwanga kwenye filamu. Bila hiyo slaidi hutoka giza tupu. Mwuza skana alikuwa ameikalia miaka minne na kuinywea chai.

Salome akachomeka. Jina la mashine likatokea lote, mpaka herufi ya mwisho.

"Imeshika," alisema Bujiku, na hapo hapo meza ya chai ikapandishwa cheo na bei.

Nyumbani kwa Salome picha ilishuka polepole kwenye kioo, safi, kila kichwa peke yake. Bujiku alihesabu vichwa kwa njiti ya ufagio mpaka shingo ikauma. Wagika walizidi kwa vichwa sitini na tatu, mbuzi hawamo.

Salome alikuwa ameinamia kona moja ya picha, upande wa Wagalu, muda mrefu. "Baba," alisema, "tunapochapisha, si tupunguze hapa pembeni? Pana ukungu."

"Hatukati mtu!"

"Haya, baba."

Ikachapishwa nzima. Aliporudi nyumbani Maganzo, Bujiku akamwita Magesa uani, mbele ya Mbuke aliyekuwa akipepeta karanga, akaitandaza mezani. "Hesabu. Anza na mbuzi ukitaka."

Magesa alihesabu. Alihesabu mara mbili. Kisha kidole chake kikahamia kundi la Wagalu, kwenye kona, mstari wa mbele kabisa.

"Huyu wa kanga nyekundu ya madoa meupe ni nani?"

Kanga ile Bujiku aliinunua mwenyewe Shinyanga, wiki ya harusi. Aliyeivaa alikuwa ameinua mikono yote, kinywa wazi, anamtazama manju Magesa kama anayetazama mvua ya kwanza. Ungo wa Mbuke ukasimama.

"Kashinda Maduhu," alisema Magesa kwa upole mkubwa. "Nakubali. Ukitaka, toa na hicho kichwa kimoja kwangu, ukaongeze kwake." Akaondoka akipiga mluzi wimbo wa mwaka sabini na sita.

Siku ile ya ngoma Bujiku alimwacha mkewe amelala, kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Basi akamuuliza pale pale, Mbuke akachukua ungo akaingia jikoni. Akamuuliza tena wakati wa kuvuna mpunga, na mwaka uliofuata, na anamuuliza mpaka leo: "Mama Salome, siku ile si ulisema una homa?"