Taa Isiyotulia

Fundi wa kompyuta aliingia mapokezi ya zahanati. Aliweka kiganja juu ya mashine kama anayempima mtoto homa, akaikodolea macho taa ya diski. Ilikuwa inawaka na kuzimika mfululizo, ilhali dada karani wa mapokezi alishafunga programu zake zote. Mganga mkuu alikwisha kutoa hukumu: karani anapakua filamu, ndiyo maana faili za wagonjwa zinagoma kufunguka. "Tusimsingizie mtu, tutazame kwanza," fundi alisema, huku akijivuta sikio la kushoto. Karani alimfuatilia hadi akasahau hofu yake. Fundi alifungua ukurasa unaoonyesha programu zinazoandika kwenye diski. Kila aliposimamisha moja, alifumba macho akaisikiliza mashine, kisha akairudisha. Mara akaangua kicheko. "Dada, njoo uone vituko!" Programu ya kukagua virusi ilikuwa kila ikimaliza ukaguzi inaandika ripoti, ile ya kuweka nakala za akiba ikiona ripoti mpya, inainakili, mkaguzi wa virusi naye akiona nakala ngeni, anaikagua na kuandika ripoti nyingine, hata diski ikakosa nafasi ya kufungua faili za wagonjwa.

Angeweza kuziachanisha palepale, lakini alivuta kiti akazitazama zikikimbizana. Ndipo akamwamuru mkaguzi asiiguse folda ya nakala. Taa ikatulia. Mganga mkuu akachungulia mlangoni. "Umezikuta filamu zake?" Fundi hakugeuka, kiganja kilikuwa bado juu ya mashine. "Wahusika nimewapata, daktari. Njoo ukae nikuonyeshe. Na wewe dada usiondoke, kuna mtu atataka kukuomba radhi."