Kamera Niliyokataa Kuibadilisha

Mwenyekiti wa kamati ya harusi aliishika kamera yangu kwa vidole viwili, kama anayemtoa panya kwenye debe la unga. Akaigeuza huku na huku, kisha akaniuliza mbele ya kamati nzima, "Binti yangu, mashine yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mzee."

Ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili, tumekaa kwenye ukumbi mdogo wa parokia hapa Sumbawanga, makoti mwilini kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita. Mwenyekiti alikuwa ofisa elimu mstaafu, mtu aliyeishi kwa kusahihisha wenzake, na kijana wake alikuwa anaoa mwezi wa nane. Nilikuwa nimeitwa nieleze kazi yangu: picha za kanisani, za ukumbini, albamu. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu albamu. Kuhusu kamera sikujiandaa, maana nusu ya watu waliokaa mle ndani niliwapiga picha mimi kwa kamera hiyohiyo, wakiwa na watoto wao wa ubatizo mikononi, na wengine wakiwa wamesimama kando ya majeneza ya wazazi wao. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimewapiga kwa kamera gani.

"Ni ndogo mno," akasema mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha.

"Na imebandikwa gundi," akaongeza mwenyekiti.

Ni kweli ilikuwa na gundi. Mpira wa pale pa kushikia ulibanduka miaka mitatu iliyopita, nikaipeleka kwa fundi baiskeli wa kwetu Mazwi. Akausugua kwa msasa, akapaka gundi ya kuzibia pancha, akaufunga kwa kamba ya mpira mpaka kesho yake. Mpaka leo haujabanduka. Na ni ndogo kweli. Ni zile kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani, inaingia kwenye mkoba wa sokoni pamoja na nyanya. Niliichagua kwa sababu hiyo. Mwanamke anayetembea peke yake vijijini na begi kubwa la kamera anageuka kuwa ofisa wa kitu fulani. Watu wanavaa viatu, wanafukuza kuku, wanasimama kama wanasubiri kuhesabiwa. Mimi nataka wanione nimekuja kama ninavyokuja siku zote.

Mwenyekiti akairudisha mezani. "Kijana wetu yuko Dar es Salaam. Ameona mtandaoni toleo jipya la kamera hii yako. Anasema linafuata jicho la mtu lenyewe, hata kama mtu anacheza muziki. Sasa sisi tunataka hilo. Ukiwa nalo, kazi ni yako. Usipokuwa nalo, tutamwita mtu wa Mbeya. Tunakupa wiki mbili."

Niliaga kwa adabu zote. Nje ya geti nikagundua kwamba nimeibana kamera kifuani kama mtoto aliyepigwa na jirani, na hilo likaniudhi kuliko hata maneno ya mzee.

Karibu na stendi kuna rafiki yangu anayeuza simu na kamera, mizigo anaifuata mwenyewe Tunduma. Tumejuana tangu sote wawili tukiwa makarani kwenye ghala la mahindi Laela, kabla ya kila mmoja kufuata njia yake. Nilipomweleza, hakushangaa.

"Dada, usigombane na dunia," akasema. Akafungua kabati, akatoa boksi. "Ndiyo hilo toleo lenyewe. Limeingia juzi. Kaa nalo siku nne, uje uniambie."

"Nikilivunja?"

"Wewe? Wewe hujavunja hata hicho kidude chako."

Nisiseme uongo, nililitamani. Lilikaa mkononi kama lilipimwa kwa kiganja changu. Kioo cha nyuma kilifunguka kama mlango wa dirisha, kikageuka hadi anayepigwa akajiona. Lilipiga picha bila sauti yoyote, na nilipomwelekezea rafiki yangu kijisanduku cha kijani kikamkalia kwenye jicho, akatingisha kichwa, kikatingishika naye. Akiba nilikuwa nayo. Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kulinunua moyoni, kilichobaki ni kumeza hasira ya kwamba mwenyekiti alikuwa sahihi.

Kesho yake nikapanda gari kwenda kijijini Kate kwa mama, kamera zote mbili kwenye mkoba. Walikuwa wanapura ulezi, na vumbi la ulezi ni mtihani wa kamera yoyote.

Nilimkuta uani, ungo mapajani, anapepeta. Upepo wa kwetu hauna subira. Makapi yalikuwa yanampita begani yanaelekea kwa jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hiyo baridi ya mjini inakula nini kwako?"

Kabla sijatoa kamera, tayari mkono wake ulikuwa umevuta kanga. Lazima nieleze hilo. Jicho la kushoto la mama lilichomwa na bua la hindi nilipokuwa darasa la tatu, likafanya ukungu mweupe kama maji yaliyooshewa mchele. Tangu siku hiyo, mtu akitaka kumpiga picha, mama huvuta kanga ikashuka upande huo, akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu kwa upande uliobaki. Picha zake zote nilizo nazo ziko hivyo. Nilishazoea hata nikawa nasimama upande wa kulia bila kufikiri, na nikajiambia kwamba hiyo ndiyo heshima.

Nikatoa ile mpya, nikafungua kile kioo na kumgeuzia, nikidhani nitamfurahisha. Akajiona. Akasogea.

"Hicho kijisanduku kinachotembea usoni kwangu ni nini?"

"Inatafuta jicho lako, mama, ili picha isitie ukungu."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Akacheka, akarudisha kanga nyuma ili aone vizuri. Kijisanduku kikabaki kwenye jicho la kulia. Akageuza uso kushoto, kikang'ang'ania kulia. Kisha akaweka ungo chini, akanyanyua kiganja chenye vumbi, akaliziba lile jicho zima la kulia, akawa anachungulia kioo kati ya vidole. Kijisanduku kikapotea. Kikaibuka kwenye pua, kikapotea tena.

Mama akashusha kiganja.

"Kumbe nayo imelikataa," akasema.

Alisema bila huzuni, kama mtu anayeambiwa habari ya mgeni ambaye alishamshuku. Mimi ndiye niliyekosa pa kuangalia. Nilianza kueleza mambo ya mwanga, mambo ya weusi na weupe wa jicho, nikasikia sauti yangu inafanana na ya mwenyekiti.

"Acha," akanikatiza. "Leta ile yako. Nipige na hili."

"Hilo la kushoto?"

"Mimi nina macho mangapi?"

Nikachukua ile ya zamani. Kwenye hiyo, mahali pa kulenga napachagua mwenyewe kwa kidole gumba, polepole, hatua kwa hatua. Nikapeleka alama hadi juu ya ule weupe, nikasubiri upepo upungue. Mama hakuinamisha kichwa. Aliniangalia kwa macho yote mawili, lile linaloona na lile lisiloona, na nikaona uso wake mzima kwa mara ya kwanza tangu nikiwa darasa la tatu.

Kamera ikalia, kla.

"Tena," akasema.

Nilimpiga mpaka akachoka, akaniambia ulezi haupepetwi na picha, nishike ungo mwingine.

Sasa, mtu anayejua kamera ataniambia kwamba lile sanduku la kijani linazimwa. Najua. Kesho yake asubuhi nililizima, nikampiga mama tena kwa kamera mpya, jicho lilelile, na picha ikatoka safi. Kwa hiyo sisemi kwamba ile mashine ilikuwa na dhambi. Ilifanya kilekile nilichokuwa nikifanya mimi miaka yote, kukimbilia upande mzuri na kuliruka jicho. Tofauti ni kwamba yenyewe haikuwa binti yake. Na hapo nikaelewa kwamba kulikuwa na kasoro kwenye kazi yangu kweli, ila haikuwa ile aliyoiona mwenyekiti, na dukani hakuna toleo la kuitengeneza.

Niliporudi mjini nikamalizia majaribio kwa haki. Niliingia kanisani wakati wa rozari, taa mbili tu zinawaka, nikapiga kwa zote mbili. Mpya iliishinda ya kwangu, tena mbali. Nyuso zilikuwa safi, hakuna zile chengachenga za gizani. Nililiandika hilo kwenye daftari, kisha nikaenda kwa rafiki yangu kumrudishia boksi lake.

"Unachukua?"

"Sichukui."

Akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Na kanisani imeishinda yangu."

"Sasa dada, si uchukue! Utaikosa ile harusi."

"Nitaikosa."

"Kwa ajili ya kiburi?"

"Weka kiburi, na mengine sijayapatia jina."

Jumapili iliyofuata nikasimama tena mbele ya kamati. Safari hii kamera niliiacha mkobani. Nikawaamkia, nikasema, "Nimelijaribu toleo mlilotaka. Ni zuri. Ndani ya kanisa linaipita yangu, sitawadanganya. Lakini sinunui."

Mwenyekiti akavua miwani. "Huna uwezo, au hutaki? Kama ni uwezo, sema, kamati inaweza kukutangulizia."

"Sitaki, mzee."

"Kwa nini hutaki kitu unachosema mwenyewe ni kizuri?"

"Kwa sababu nikinunua leo kwa kuambiwa kwamba hiki nilicho nacho ni aibu, mwaka kesho bwana harusi mwingine ataona kingine, nami nitaambiwa tena. Picha za ubatizo za wajukuu zako ziko sebuleni kwako, mzee. Nilizipiga kwa hikihiki. Mkiona hazifai, ziteremsheni."

Yule mama wa dirishani akaziba mdomo kwa kitenge, na mabega yake yakawa yanacheza.

"Binti, unajivuna," akasema mwenyekiti.

"Ndiyo, mzee. Kidogo."

Wakamchukua mtu wa Mbeya. Sitatunga kwamba aliharibu kazi. Picha zake niliziona kwenye simu ya yule mama wa dirishani, na ni nzuri, bibi harusi ameng'aa. Nilisema ni nzuri, na moyo ulinichoma kidogo. Harusi nyingine mbili nilizozitegemea nazo zikaenda kwake, kwa kuwa maneno ya kamati moja hufika kwenye kamati nyingine kabla ya muhtasari wa kikao. Wapo walioniambia kwa upole kwamba nimejifungia mlango mwenyewe. Niliwajibu kwamba mlango ni wangu.

Kwa ile akiba nilinunua mashine ndogo ya kuchapia, ya kubeba, inayotumia betri. Wazo lilinijia Kate. Mama alikuwa ameomba picha yake ya karatasi papo hapo, nami nikamwambia nitamletea nikija tena, akaniuliza, "Nikifa kabla?" Kwa hiyo siku za mnada nikaanza kwenda Laela. Niliweka kiti changu kando ya barabara, jirani na mizani za wanunuzi wa mahindi, mahali mabasi ya Tunduma yanaposimama. Wiki ya kwanza upepo ulinibebea picha zote za mfano, nikazikimbiza hadi kwenye shamba la mtu, huku wauza mayai wakinishangilia. Wiki ya pili akaja mzee mmoja na mkewe. Hawakuwa na picha hata moja wakiwa pamoja. Zilizokuwepo, mzee alisema, zilikuwa kwenye simu ya mtoto wao, na simu ilianguka ziwani Kirando. Nikawaweka wakae kwenye magunia. Mke akauliza afiche pengo la meno au asifiche.

"Wewe unatakaje, mama?"

Akafikiri. "Usinifiche."

Picha ilipotoka akaishika kwa ncha, akaipuliza kana kwamba ni ya moto, kisha akampelekea kila muuza mayai aione. Tangu hapo sijakosa watu. Siku nyingine ni wawili, siku nyingine foleni inazuia baiskeli zisipite na wapimaji wa mahindi wananifokea nisogee. Sisogei sana.

Rafiki yangu aliliuza lile toleo jipya kwa mpiga picha wa Namanyere. Siku moja nilikutana naye stendi, amelivaa shingoni, na kwa muda wa kupita hatua tano hivi nilimwonea wivu wa kweli.

Mwezi uliopita kamera yangu ilianza kukwama kwa vumbi. Unabonyeza, inafikiri kwanza, ndipo inalia. Nikaipeleka kwa fundi wa vifaa vya umeme mjini. Akaifungua, akatikisa kichwa, akaniambia vipuri vyake haviletwi tena na kwamba, kwa ushauri wake, nitafute mpya.

"Sikuja kwa ushauri," nikamwambia. "Tafuta nyingine iliyokufa, uvitoe humo."

Akanitazama, akaitazama gundi ya baiskeli, akacheka, akavuta taa karibu na kuchukua bisibisi.